Msaada: IST imeoshwa injini jana, leo inatetemeka na taa imewaka. Walioosha wanasema "ilikuja hivyo hivyo"

Mnyonge wa Kimara

Wakuu, habari za jioni.

Naomba ushauri wa haraka kabla sijaongeza hasara. Nina IST ya 2004, injini 1NZ, cc 1500. Nina mwaka wa nne nayo na haijawahi kunilaza njiani.

Jana Jumamosi niliipeleka kuosha sehemu ambayo naoshea siku zote, huku huku Kimara. Huwa naosha nje na ndani, elfu kumi, naondoka. Jana kijana akaniambia, "Braza, injini imejaa vumbi hii, ongeza elfu tano tukuoshee na injini." Nikamwambia poa. Nikaenda zangu kivulini kunywa soda, nikazama kwenye simu. Nilipogeuka niliona boneti iko juu, povu limejaa, na kijana mwingine anaingiza ile bomba ya presha humo ndani kama anazima moto. Injini ilikuwa ya moto, maana nilitoka nayo mjini moja kwa moja.

Nikalipa, nikawasha, ikawaka freshi. Kabla sijafika Mbezi Mwisho, kwenye foleni, ikaanza kutetemeka. Kukanyaga mafuta haivuti, inakwama kama ina kwikwi. Taa ya injini ikawaka, na kwenye kile kilima ikawa inapepesa. Leo asubuhi imewaka kwa kubembeleza, na silensa (mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta) imesimama chini kabisa.

Nimempigia mwenye sehemu. Jibu lake: "Kaka, sisi tunaosha tu. Gari ilikuja na ugonjwa wake, na kibao umekikuta pale." Kibao kweli kipo, kimeandikwa hawahusiki na upotevu wala uharibifu wowote.

Sasa naomba kujua mambo mawili. Hii ni maji au gari ilikuwa inaumwa kweli? Na kama ni maji, namdai vipi huyu jamaa bila kugombana, maana ni jirani?

---

Kizibo

Elfu tano umenunua ugonjwa wa laki mbili. Pole mkuu. Natandika mkeka hapa nisubiri mafundi.

---

Bi Mkubwa wa Gari Dogo

Pole mdogo wangu. Mimi injini yangu haijawahi kuguswa na maji tangu itoke bandarini. Nafuta kwa kitambaa na brashi ya rangi, mwisho wa hadithi. Injini haiendi harusini.

---

Fundi Spana Kumi

Mleta uzi, cha kwanza kabisa: usiiendeshe tena. Taa ya injini ikiwaka ikatulia unaweza kujivuta hadi gereji. Ikipepesa maana yake silinda haichomi na petroli mbichi inakwenda kwenye eksozi. Hiyo petroli inakwenda kuungulia kwenye masega, kile kisafisha moshi ndani ya eksozi. Masega yakiyeyuka utasahau kabisa bei ya koili, kile kifaa kinachoipa plagi umeme.

Sasa nikueleze kilichotokea, kwa uwezekano mkubwa. 1NZ ina koili nne, kila plagi na koili yake juu. Plagi imekaa chini kwenye shimo refu katikati ya injini. Juu ya shimo kuna mpira wa koili unaozuia vumbi na matone. Haukutengenezwa kuzuia bomba ya presha. Gari ya 2004 mpira umeshakuwa mgumu kama kandambili ya zamani, maji yakipigwa kwa nguvu yanapita pembeni na kutuama chini. Hayana pa kutokea. Umeme wa koili badala ya kuruka kwenye ncha ya plagi unapita kwenye maji unaingia kwenye bodi ya injini. Silinda moja imelala, gari inatembelea tatu. Hiyo ndiyo kwikwi yako.

Na mbona ilitoka pale ikiwa nzima? Kwa sababu maji yalikuwa bado hayajafika panapotakiwa, au yalikuwa machache. Injini ikipata joto unatoka mvuke, unapanda hadi kwenye koili. Magari mengi yanayoletwa kwangu baada ya kuoshwa yanaanza kusumbua baada ya kilomita chache, si pale pale. Wenye sehemu za kuoshea wanalijua hilo, ndiyo maana wanakimbilia kusema "ilitoka nzima."

---

Mnyonge wa Kimara

Fundi nashukuru sana. Nimeipaki. Sasa nikiita fundi akafungua, akakuta maji, akayakausha, ushahidi si utakuwa umekauka nao?

---

Fundi Spana Kumi

Swali zuri, na watu wengi hapo ndipo wanapopoteza haki. Usifungue peke yako. Mwite mwenye sehemu au msimamizi wake aje, au wewe uivute gari mpaka pale. Kufunguliwa kufanyike mbele yake. Akikataa kuja, chukua shahidi mmoja na urekodi video bila kukata, ianze kwenye namba ya gari, ionyeshe dashibodi na taa, halafu iingie kwenye boneti mpaka koili ya nne itoke.

Kabla ya kufungua, ipimwe na mashine ya kusoma makosa ya injini. Ikisoma P0302 ni silinda namba 2 inakosa kuchoma, P0303 namba 3, na kuendelea. P0300 ni kukosa kunakohamahama, na kwenye gari iliyotoka kuoshwa hiyo nayo ni ya kawaida. Piga picha kioo cha mashine.

Halafu angalieni kilichomo shimoni, maana pale ndipo ukweli ulipo:

Mkikuta maji yenye povu au harufu ya mafuta ya taa ya kuoshea injini, hayo hayakutoka mvua ya mwezi wa nne. Yametoka kwao.

Mkikuta oili, hilo si lao. Gaskiti ya kava ya valvu imechoka, oili inashuka kwenye plagi taratibu kwa miezi. Ni ugonjwa wa kawaida sana wa hizi injini.

Mkikuta plagi ina kutu nene kwenye ile sehemu ya kushika spana, hiyo kutu haijaota usiku mmoja. Maji yalikuwa yanaingia zamani.

Na kama koili yenyewe ndiyo inashukiwa, msibishane kwa mdomo. Hamisha koili ya 2 uiweke 3, ya 3 uilete 2. Futa hizo namba za kosa kwa mashine, washa kidogo. Kama kosa limehama kutoka P0302 kwenda P0303, koili imekufa. Kama limebaki pale pale, koili nzima, angalia plagi, waya wake au nozeli.

Nasema haya yote nikiwa fundi, si mtetezi wako. Unaweza kufungua ukakuta aibu yako mwenyewe.



---

Kizibo

"Unaweza kufungua ukakuta aibu yako mwenyewe." Fundi umeniumiza na mimi nisiyehusika.

---

Povu Jeupe

Mimi naosha magari, nina sehemu yangu Arusha, kwa hiyo nitetee kidogo upande wa pili.

Injini inaoshwa na haifi, ikioshwa na anayejua. Inapoa kwanza. Betri inatolewa waya wa hasi. Altaneta, boksi la fyuzi, mdomo wa hewa na koili vinafunikwa na nailoni. Sabuni inapigwa kwa chupa ya kupuliza, inasuguliwa kwa brashi, maji yanapita kwa upole kama unamwagilia mchicha. Halafu unakausha kwa kompresa, shimo kwa shimo. Ni kazi ya saa nzima. Kwa elfu tano hakuna anayekupa saa nzima, mkuu, tuambiane ukweli. Elfu tano ni presha dakika tatu na dashibodi kupakwa mafuta ing'ae.

Tatizo lingine watu hawalijui: vijana wengi hawana mshahara. Wanalipwa kwa gari, kwa mgawo. Akiosha kumi anakula vya kumi. Kwa hiyo akikushawishi uongeze injini anatafuta chake, na mwenye mali hajamfundisha wala kumnunulia hata nailoni. Ukimfokea kijana unamfokea asiye na kitu.

Na mteja naye: ukifika sema ugonjwa wa gari lako. Kuna mtu analeta gari taa ya injini imewaka toka Krismasi, akitoka anasema ni sisi. Mimi siku hizi kabla ya kugusa gari kijana anawasha swichi, anapiga picha dashibodi, anazunguka gari na video. Imenipunguzia kesi sana.

---

Dada wa Nyegezi

Afadhali yako ni maji. Mimi gari yangu waliiendesha.

Nilikuwa na Passo, Mwanza hapa. Nikaacha ufunguo kwa sababu nilikuwa na haraka ya benki. Kijana akataka kuisogeza ipishe Noah, gari otomatiki yeye kazoea kusukuma tu, akakanyaga sivyo. Nguzo. Bampa, taa moja, rejeta, boneti imekunjwa kama barua.

Nikasema sina shida, nina bima kubwa. Kufika kwa kampuni wananiuliza leseni ya dereva aliyekuwa anaendesha. Leseni ipi? Kijana hajawahi hata kuishika. Dai likaishia pale pale kwenye meza ya mapokezi, kwa barua fupi sana. Ndiyo nikasoma mkataba wangu wa bima kwa mara ya kwanza, na kweli imeandikwa, asiye na leseni hayumo. Kwa hiyo ndugu zangu, ufunguo unapouacha pale unaacha na bima yako.

Nililipwa lakini. Tulienda ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti akatusikiliza, mwenye sehemu akakubali kwamba kijana ni wake. Tukaandika: kiasi, awamu tatu, tarehe za kila awamu, sahihi zetu, mashahidi wawili, muhuri wa mtaa. Awamu ya kwanza alilipa kwa wakati. Ya pili nilimkumbusha. Ya tatu nilimkumbusha kwa sauti kubwa.

---

Wakili wa Baraza

Dada wa Nyegezi amefanya jambo la maana kuliko anavyodhani, nitarudi kwake.

Kwanza hicho kibao. Unapomkabidhi mtu gari kwa kazi maalumu kisha akurudishie, sheria yetu ya mikataba, Sura ya 345, ina sehemu nzima kuhusu makabidhiano ya namna hiyo. Aliyekabidhiwa anapaswa kuitunza mali ile kama mtu mwenye busara ya kawaida ambavyo angetunza mali yake mwenyewe ya aina hiyo. Je, mtu mwenye busara angepiga presha kwenye injini ya moto ya gari lake, bila kufunika kitu? Hilo ndilo swali la kesi, na Povu Jeupe ameshalijibu hapo juu bila kuitwa kizimbani. Kibao peke yake hakimalizi mjadala. Utaulizwa kama mteja alikiona kabla ya kukabidhi gari, kilikuwa wapi, na kama kilikuwa sehemu ya makubaliano. Mleta uzi anaosha pale siku zote, kwa hiyo asijifanye hakukiona, lakini pia asikichukulie kama amri ya jeshi.

Pili, polisi. Watu hukimbilia kituoni. Uharibifu wa uzembe kazini ni madai, si jinai. Utapoteza siku. Ya Dada ni tofauti kidogo, asiye na leseni kushika usukani kuna sheria ya usalama barabarani, ila hata hapo polisi hawakukusanyii hela yako.

Tatu, ndiyo maana nasema Dada alicheza vizuri. Mahakama ya Mwanzo inapokea madai ya deni linalotokana na mkataba, hadi shilingi milioni 30. Ukienda na hadithi ya "waliniharibia" utaanza kuthibitisha uharibifu, thamani, nani alifanya. Ukienda na karatasi ambayo mwenyewe amekubali anadaiwa kiasi fulani na atalipa tarehe fulani, umekwenda na deni. Mzigo wako umepungua nusu. Kwa hiyo lengo lako la kwanza si kushinda ugomvi. Ni kupata maandishi, hata ya WhatsApp, anayosema "nimeona, nitachangia kiasi fulani".

Na risiti. Mleta uzi, ulipewa risiti?

---

Mnyonge wa Kimara

Risiti ya kuosha gari Kimara, wakili? Nililipa kwa simu, ujumbe wa muamala upo na muda umeandikwa.

---

Wakili wa Baraza

Huo ndio ushahidi wako kwamba ulikuwepo pale siku ile saa ile. Usiufute.

---

Mwana wa Kibokoni

Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu Kenya nyie mngetuonea wivu kidogo, tuna Mahakama ya Madai Madogo. Inachukua madai mpaka shilingi milioni moja za Kenya, pamoja na uharibifu wa mali, na sheria inataka iamuliwe ndani ya siku sitini. Huhitaji wakili.

Mimi langu lilikuwa ringi. Walinipakia dawa ya kung'arisha, ya tindikali, wakaiwacha ikikauka juani huku wakipiga soga. Alumini ikababuka madoa meupe, ringi zote nne. Nikawaandikia barua ya madai, nikapeleka pale mahakamani. Kabla ya siku ya kusikizwa wakanipigia wao wenyewe, "bwana mkubwa, njoo tuzungumze." Wakalipa fundi wa ringi. Sikumuona hakimu hata uso.

---

Kaka Rangi

Naona mmekazania injini. Uharibifu mkubwa wa hizi sehemu ni rangi, ila kwa sababu hautoi sauti watu hawalalamiki.

Kitambaa kimoja, ndoo moja. Kimefuta ringi, kimeanguka chini kwenye mchanga, kimesuuzwa kwenye ndoo ile ile, kimerudi kwenye boneti. Simamisha gari nyeusi juani uiangalie kwa ubavu, utaona nyuzi za mviringo kama utando wa buibui. Hiyo sabuni ya unga ya kufulia nayo inang'oa nta yote, rangi inabaki uchi. Halafu maji ya kisima. Dar visima vingi vina chumvi, ukiosha saa saba mchana kwenye bati la moto maji yanakauka kabla ya kufutwa, yanaacha madoa meupe ambayo baadaye hayatoki kwa maji, mpaka polishi.

Na presha ikisogezwa karibu kwenye sehemu iliyowahi kupigwa rangi mtaani, inabanduka ganda zima. Hapo nawatetea waoshaji kidogo. Rangi ya kiwandani kwa kawaida haibanduki hivyo. Kama imebanduka, mara nyingi kuna aliyepaka juu ya uchafu kabla yao.

---

Kizibo

Kwa hiyo kwa mujibu wa uzi huu tusioshe gari kabisa. Nimefurahi, nilikuwa natafuta sababu.

---

Mnyonge wa Kimara

MREJESHO

Wakuu, samahani kwa ukimya, siku nne zimepita. Nimefanya kama mlivyosema.

Jumatatu sikupiga simu. Nilikwenda kwa miguu, nikamkuta mwenye sehemu mwenyewe, nikamsalimia, nikakaa. Nikamwambia, "Mzee wangu, sijaja kudai kitu. Nimekuja kukuomba ushuhudie gari inafunguliwa. Tukikuta si maji yenu nitakuomba radhi mbele ya vijana wako." Nadhani ile ndiyo ilimlainisha, maana alikuwa ameshajiandaa kwa vita. Akaja jioni na yule kijana.

Fundi akapima: P0302 na P0300. Akatoa kava, akaanza koili moja moja, mimi narekodi.

Shimo la 1 kavu. Shimo la 4 unyevu kidogo. Shimo la 3 maji, fundi akachovya kitambaa kikatoka na povu na harufu ya mafuta ya taa, akampa mzee anuse. Mzee akanusa, akamwangalia kijana, kijana akaangalia chini.

Shimo la 2 sasa. Maji yapo, lakini juu ya maji inaelea oili. Na plagi imelowa oili nyeusi ya muda mrefu. Fundi Spana Kumi, ile aibu uliyoisema nimekutana nayo. Gaskiti ya kava yangu imekufa siku nyingi na mimi nilikuwa naongeza oili tu kila mwezi nikidhani "inakula kidogo". Mpira wa koili ya 2 ulikuwa umeshalainika kwa oili, maji yakapata mlango.

Tukahamisha koili ya 2 kwenda 3. Baada ya kukausha yote, kosa likahama: P0303. Koili imekufa.

Tukakaa kwenye benchi. Mzee akasema maji ni yake, oili ni yangu. Sikuwa na la kubisha. Tukagawana: yeye koili na kukausha, mimi gaskiti, plagi zote nne na ufundi. Koili ya mtumba nimeipata kwa wauza spea wa mtaa wa Gerezani kwa 45,000, alinitumia hela kwenye simu pale pale, na nilimwomba aandike kwenye ujumbe ni ya nini. Akaandika "ya koili ya IST tulioharibu". Wakili, hiyo nimeipiga picha.

Kitu kimoja nilimwomba: asimkate kijana hela. Alisema hatamkata. Sijui kama ni kweli.

Gari imetulia. Silensa imerudi pale pale, taa imezima.

---

Fundi Spana Kumi

Safi. Zingatia hiyo gaskiti iwe ile yenye mipira ya mashimo ya plagi, si kuzungushia silikoni ya bomba halafu mtu akakwambia amemaliza. Baada ya wiki mbili toa koili moja uchungulie kama pako pakavu.

---

Wakili wa Baraza

"Tulioharibu." Mteja wangu angeandika hivyo ningelia. Hongera.

---

Povu Jeupe

Na hiyo ya kumwita aje ashuhudie bila kudai nimeichukua. Nitawaeleza na wateja wangu.

---

Dada wa Nyegezi

Hongera mdogo wangu, umelipwa siku hiyo hiyo. Mimi awamu ya tatu nilikonda.

---

Kizibo

Mleta uzi, sema ukweli. Umerudi kuosha pale pale?

---

Mnyonge wa Kimara

Nimerudi leo asubuhi. Nje na ndani, elfu kumi. Yule kijana yupo bado. Nilipotaka kufungua boneti niongeze maji ya waipa akaniwahi: "Braza, hiyo tuiache imefungwa kwanza."